Giga Nne, Giga Mbili

Likizo ya mwezi wa sita ilipoanza, Rhobi alidhani angepumzika. Kila asubuhi, kabla jua halijakolea juu ya mabati ya Bweri, alifagia uwanja, akaosha vyombo na kumwagilia mchicha nyuma ya jiko. Kazi zenyewe hazikuwa nzito. Kilichomchosha ni kwamba hakuna siku aliyozimaliza bila kukatizwa.

"Rhobi! King'amuzi kimegoma!" baba yake aliita kutoka sebuleni.

Rhobi akaweka fagio chini, akaingia ndani, akachomoa waya na kuuchomeka tena. Picha ikarudi. Hata hajafika uwanjani, jirani akachungulia juu ya ua.

"Rhobi mwanangu, hebu njoo unisomee. Simu hii inasema nini?"

"Inasema imejaa, mama. Futa video za kuchekesha."

"Aka! Sasa mimi nitacheka na nini?"

Rhobi alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba, na mtaa mzima ulimwita Injinia. Mwanzoni jina hilo lilimvimbisha kichwa. Sasa lilikuwa linamkera, maana watu walimwita injinia mikono yake ikiwa ndani ya povu la sabuni. Basi alijizoesha kujibu upesi na kwa uhakika ili muulizaji aondoke. Alipojua, alijibu; asipojua, alijibu vilevile. Mara nyingi bahati ilimbeba, na hakuna aliyegundua tofauti.

Jumamosi moja, Shangazi Ghati alitoka katika chumba cha mbele akiwa ameshika kiuno. Shangazi Ghati, dada wa baba yake Rhobi, alikuwa mpiga video. Alirekodi harusi, kipaimara na kwaya, kisha akazihariri katika kompyuta kubwa ya mezani iliyokuwa chumbani humo.

"Imekufa," alisema.

"Nani amekufa?" Mama akaruka kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kadi ya picha ya kompyuta, wifi. Skrini ilianza kuchora mistari tangu jana, sasa ni giza tupu."

Kadi ya picha ni kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora kila kitu tunachokiona kwenye skrini. Ikifa, kompyuta inaweza kunguruma mchana kutwa isioneshe hata herufi moja. Na kwa mtu anayehariri video, kadi hiyo hubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Hakuna aliyeuliza kwa nini Shangazi alikuwa na uso wa msiba. Wote walijua habari za kwaya ya Mugango. Mwaka uliopita mpiga video mwingine alirekodi nyimbo zao zote, kisha akatoweka nazo. Wanakwaya waliimba juani, wakapiga magoti kwenye mawe ya ufukweni, na hawakuona hata picha moja. Shangazi alipokwenda kuomba kazi ile, mwalimu wao wa kwaya, Mwalimu Apolinary, alimsimamisha mbele ya kanisa zima.

"Dada Ghati, tumeshaumwa na nyoka," alimwambia. "Na wewe ukitupoteza, kwaya hii hairekodi tena."

Shangazi aliahidi mbele ya watu wote kwamba Jumapili ya uzinduzi video itakuwepo. Sasa uzinduzi ulikuwa Jumapili ya wiki inayofuata. Mgeni rasmi alikuwa ameshaalikwa, mapambo yalikuwa yameshashonwa, na video ilikuwa imefungiwa ndani ya kompyuta isiyoona.

"Fundi Masatu wa Bunda ana kadi mbili za mtumba," Shangazi alieleza. "Bei yake ni moja. Amenitumia picha za maboksi yake, pande zote. Lakini mimi naondoka sasa hivi kwenda Butiama kwenye harusi, nitarudi Jumatatu. Rhobi!"

"Abee, Shangazi."

"Picha nimezituma kwenye simu ya mama yako. Zilinganishe vizuri. Soma kila mstari, usiishie kwenye GB tu. Memori ya aina gani, njia yake biti ngapi, viini vingapi, kasi gani. Usichokielewa niambie hukielewi, nitamwuliza fundi. Umenisikia?"

"Nimesikia," alisema Rhobi, na moyoni akasema, kazi nyingine tena!

Alasiri aliketi kizingitini akafungua zile picha. Boksi la kwanza lilikuwa zuri, kama limetoka dukani jana. Liliandikwa GT 730, na kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano, 4GB. Boksi la pili lilikuwa limechakaa kona, limezungushiwa gundi ya karatasi. Hilo liliandikwa GTX 750 Ti, 2GB. Upande wa nyuma kulikuwa na maandishi madogo yaliyosongamana.

Rhobi alisoma mstari wa kwanza: memori nne huku, mbili kule. Akasoma wa pili: DDR3 huku, GDDR5 kule. Hakujua maana yake, akauruka. Wa tatu: biti 64 huku, biti 128 kule. Huo nao hakuujua. Akasonya. Mstari wa nne hakuufikia, maana kaka yake Nicolaus, aliyekuwa kidato cha pili na aliyejua kila kitu isipokuwa kuosha sahani yake, aliinama juu ya bega lake.

"Unahangaika nini?"

"Shangazi anataka nilinganishe hizi kadi."

"Sasa hapo kuna nini cha kulinganisha? Mtu akienda kununua simu anaulizaga nini? GB ngapi. Basi! Nne na mbili, ipi kubwa? Umefika darasa la saba hujui?"

Maneno hayo yalimwuma Rhobi, lakini pia yalimpa njia ya mkato. Nje watoto wenzake walikuwa wanamwita kwenye mchezo wa rede. Akapiga simu Butiama. Shangazi alipokea huku nyuma yake vigelegele na muziki wa harusi vikirindima.

"Tayari, Rhobi? Umesoma yote?"

"Nimesoma yote, Shangazi. Nimelinganisha kila kitu. Ya giga nne inashinda."

"Na ile njia ya biti?"

"Nayo inashinda."

"Safi sana, injinia wangu!"

Uongo ule ulitoka laini, bila hata kumkwaruza koo. Rhobi akaenda kucheza rede na hakuufikiria tena.

Jumatatu mzigo ulifika kwa basi kutoka Bunda. Shangazi, ambaye alikuwa amerudi amechoka na macho mekundu, aliifungua kompyuta, akaichomeka ile kadi, akabonyeza kitufe. Skrini ikawaka. Nyumba nzima ikapiga makofi. Baba akampigapiga Rhobi mgongoni na kumwambia kila aliyepita njiani kwamba mtoto wake ndiye aliyeichagua.

Furaha ile haikufika mbali. Shangazi alipofungua wimbo wa kwanza na kuanza kuweka rangi na maandishi, video ilitembea kidogo, ikasimama. Ikatembea tena, ikaruka. Sauti ilikuwa mbele, vinywa vilikuwa nyuma. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliimba kwa nguvu akiwa amefunga mdomo. Akafumbua mdomo wakati wimbo umeshakwisha.

"Jamani!" alisema Shangazi.

Aliizima kompyuta, akaiwasha. Akaipangusa vumbi kwa brashi. Akabadilisha tundu la umeme. Akaelekeza feni ya chumbani kwenye kompyuta, yeye mwenyewe akabaki anatiririka jasho. Ngoma ikawa ile ile. Alipojaribu kutoa wimbo mmoja mzima, kompyuta ilimwambia asubiri, naye akasubiri, akapika, akala, akarudi, ikamwambia asubiri. Hata kadi ile ya zamani, kabla haijafa, ilikuwa haijawahi kumfanyia dharau ya namna hiyo.

Na kama hiyo haitoshi, Mwalimu Apolinary alikuwa akipiga simu kila mara.

"Dada Ghati, habari ya kazi? Samahani kwa usumbufu. Sauti ya nne wanauliza kama wanaonekana wote."

"Wanaonekana, Mwalimu."

"Hata yule mzee mwenye kofia ya sufu? Maana amesema asipoonekana, haji kwenye uzinduzi."

"Anaonekana, Mwalimu. Naomba nifanye kazi."

"Sawa, sawa. Itakuwepo lakini?"

"Itakuwepo," alisema Shangazi, na sauti yake haikuwa na nguvu kama ile ya kanisani.

Jumatano subira ilimwishia. Alisimama katikati ya uwanja, akampigia Fundi Masatu simu, na mtaa wote ukasikia.

"Masatu! Umeniuzia kimeo! Hii kadi umeibandika tu stika ya giga nne!"

Rhobi alikuwa karoni, anaosha sufuria. Sauti ya Masatu ilisikika ikikwaruza ndani ya simu. "Mama, kadi haina shida yoyote. Mimi nilikwambia tangu siku ile kwamba kwa kazi ya video ni afadhali uchu—"

"Usiniambie habari za afadhali! Mtoto wetu alilinganisha kila kitu, mstari kwa mstari! Nakuja huko Ijumaa, na huyo mtoto nakuja naye!"

Sufuria ikamtoka Rhobi mikononi. Kwa mara ya kwanza alijiuliza maswali ambayo alipaswa kujiuliza Jumamosi. Alikausha mikono, akachukua simu ya mama yake na daftari la hisabati, akajificha nyuma ya mchicha. Akafungua tena picha za maboksi. Safari hii hakuruka mstari.

Ilikuwa kazi ya kuudhi kwelikweli. Kila neno alilolitafuta lilimletea maneno mengine matatu asiyoyajua. Alisoma, akachanganyikiwa, akafuta, akaanza upya. Mara mbili alitaka kuitupa simu kwenye mchicha. Lakini polepole mambo yakaanza kukaa sawa. Kadi zote mbili zilitoka mwaka mmoja, 2014, kwa hiyo upya wa boksi haukuwa na maana yoyote. Ile ya giga nne ilikuwa na viini 384, yaani vijisehemu vinavyopiga hesabu za picha. Ile ya giga mbili ilikuwa na 640. Memori ya kwanza ilikuwa ya aina ya polepole na njia yake ilikuwa nyembamba. Kwa sekunde moja, kadi ya giga nne ilipitisha gigabaiti 14.4. Ile ya giga mbili ilipitisha 86.4.

Rhobi akagawanya. Akagawanya tena, akitumaini amekosea. Jibu likabaki lile lile: mara sita.

Masatu hakuwa ameuza kimeo. Kadi ilikuwa nzima. Aliyeharibu kazi ni yeye, kwa kusoma mstari mmoja na kuapa kwamba amesoma yote.

Jioni hiyo alikusudia kusema. Alifungua mdomo wakati wa chakula, lakini baba yake akamtangulia.

"Ijumaa huyo Masatu atatutambua! Anadhani huku hakuna watu waliosoma? Injinia wetu atampa mstari kwa mstari!"

Rhobi akameza tonge pamoja na maneno yake. Alhamisi akakusudia tena, akashindwa tena. Kila saa iliyopita ilifanya jambo lile kuwa zito zaidi, na alijikasirikia mno. Ijumaa asubuhi walipanda basi. Walipopita Kiabakari, Shangazi alimgeukia, akamtengeneza kola ya gauni.

"Usimwogope. Wewe sema tu ulichokisoma," alimwambia.

Rhobi alitamani basi lipate pancha.

Duka la Fundi Masatu lilikuwa dogo, limejaa redio zilizofunuliwa matumbo na nyaya zinazoning'inia. Ukutani kulikuwa na kibao: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ghala la pamba, na wapagazi walikuwa wanatoa mizigo mlangoni. Masatu mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na siku hiyo alikuwa amenuna.

"Karibu, mama. Umekuja kunitukana mbele ya wateja au ulimaliza kwenye simu?"

"Nimekuja na kimeo chako," Shangazi akaiweka kadi kaunta. Wateja wawili na mama muuza karanga wakasogea kusikiliza. "Na shahidi huyu hapa. Rhobi, mwambie ulivyosoma."

Macho yote yakamgeukia. Rhobi aliangalia kadi, akaangalia miguu yake. Angeweza kutamka namba zozote. Watu wale wasingejua. Shangazi angepiga kelele, Masatu angepiga kelele, na wangerudi Bweri na kadi ile ile. Jumapili ingefika. Mwalimu Apolinary angesimama mbele ya mgeni rasmi akiwa mikono mitupu, na Shangazi angeitwa mwongo kwa sababu ya uongo usiokuwa wake.

"Sikusoma," alisema.

"Sema kwa sauti, mwanangu."

"Sikusoma, Shangazi!" Machozi yakamtoka. "Nilisoma GB peke yake. Mistari mingine niliiruka. Uliponiuliza habari ya biti nikakudanganya. Kadi hii ni nzima. Fundi hana kosa, kosa ni langu."

Mama muuza karanga aliacha kutafuna. Shangazi Ghati alimtazama Rhobi, akamtazama Masatu, kisha akakaa juu ya kigoda.

"We mtoto!" alisema hatimaye. "Yaani nimemfokea mtu mzima mtaa mzima ukisikia! Nimepoteza wiki! Kwa nini hukusema hujui? Ningekula nyama yako?"

"Nilitaka... niliogopa mtanicheka. Kila mtu ananiita Injinia."

"Na mimi nilikwambia, mama," Masatu akaingilia, bado amenuna. "Siku ile ile ulipoagiza. Nilisema kwa video chukua ya giga mbili. Ukanijibu mtoto amelinganisha, wewe tuma tu. Sasa mimi ningefanyaje? Nikupige?"

Shangazi alivuta pumzi ndefu. "Ulisema. Nilikusikia, sikukusikiliza." Akasimama, akawageukia wale watu waliokuwa wanatazama. "Huyu fundi nilimwita tapeli kwenye simu, na leo nimekuja kumwita tapeli mbele yenu. Si tapeli. Mimi nimemkosea. Fundi, nisamehe."

Masatu alijikuna kisogo. Hasira ikitolewa hadharani na radhi ikaombwa hadharani, mtu hubaki hana la kushika. Akavuta droo, akatoa ile kadi ya pili, ndani ya boksi lake lililozungushiwa gundi ya karatasi.

"Haya, wewe injinia. Sasa hivi umesoma au bado?"

"Nimesoma tangu Jumatano."

"Tueleze basi, maana huyu mama amepoteza wiki na mimi nimepoteza jina. Kwa nini nne ishindwe na mbili?"

Rhobi alipangusa machozi kwa kiganja. Akaangalia nje, kule kwenye ghala la pamba, ambako wapagazi walikuwa wamepanga foleni kwenye kijilango kimoja huku trekta likisubiri.

"Ghala lile ni kubwa," alisema, "lakini mlango wake ni mmoja, kwa hiyo pamba inatoka polepole. Kadi ya giga nne iko hivyo. Ina nafasi kubwa, lakini njia yake ni biti 64 na memori yake ni DDR3, haina mbio. Ile ya giga mbili nafasi yake ni nusu, lakini njia yake ni biti 128 na memori ni GDDR5. Kwa sekunde inapitisha mara sita. Na viini vyake ni 640, hii ina 384. Video inataka vitu vipite haraka."

Wateja wakaitikia kwa vichwa, kama watu walioelewa toka zamani.

"Na umeme?" Masatu akauliza ghafla. "Kompyuta yenu itaiweza hii?"

Rhobi akafumbua mdomo. Jibu la upesi lilikuwa limeshakaa ulimini, tayari kutoka: itaiweza. Akalimeza.

"Hapo sijui, fundi. Sikufikiria umeme."

"Ahaa!" Masatu akapiga kaunta kofi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hapo sasa tunaweza kufanya kazi. Mama, powasaplai yako ni wati ngapi?"

"Mia tatu."

"Inatosha. Hii inakula wati sitini hivi, na inazichukua pale pale inapochomekwa. Zipo kadi ambazo zinataka waya wake wa umeme peke yake. Mngenunua mojawapo bila kuuliza, mngerudi hapa kunitukana tena." Akaichomeka ile kadi kwenye kompyuta yake, akawaonesha inavyofanya kazi, kisha akaikabidhi. "Kibao changu kinasema hairudishwi, na kitaendelea kusema hivyo. Ila hii ya giga nne ni nzima, na kuna mtu wa stesheneri anataka ya kuandikia barua na kuangalia mpira. Kwa kazi hiyo inafaa kabisa. Tumebadilishana."

Alasiri hiyo, Bweri, wanakwaya wa Mugango waliimba kwenye skrini kwa vinywa vilivyofuata sauti. Shangazi hakupiga makofi wala kumkumbatia mtu. Alivuta kiti cha pili, akakigonga.

"Kaa hapa. Utakagua nyimbo zote. Kila mwanakwaya lazima aonekane uso, angalau mara moja. Sauti ya kwanza mpaka ya nne. Na usiniambie umekagua kama hujakagua."

Rhobi alikagua. Wenzake walimwita kwenye rede, hakwenda. Alizitazama nyimbo zile mpaka akazichukia, akaendelea kuzitazama. Katika wimbo wa tano aligundua kwamba dada mmoja wa sauti ya pili alikuwa amefichwa na maandishi tangu mwanzo hadi mwisho. Shangazi akayahamisha maandishi, kisha akamsogezea Rhobi kikombe cha chai.

Jumapili kanisa la Mugango lilijaa mpaka watu wakasimama nje ya madirisha. Kitambaa cheupe kilitundikwa, taa zikazimwa, na kwaya ikajiona. Yule mzee wa kofia ya sufu alipotokea, mkubwa kama mlango, alisimama na kunyoosha kidole. "Ndiye mimi!" alipaza sauti, na kanisa likalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mwalimu Apolinary alishika kipaza sauti, akamwonesha Shangazi Ghati kwa mkono.

"Alisema itakuwepo," alitamka. "Ipo."

Baada ya ibada, watu wakiwa wanakula wali na samaki kwenye kivuli cha turubai, Mwalimu Apolinary alikuja na karatasi mbili mkononi.

"Binti, nimesikia wewe ni injinia. Kanisa linataka kununua spika, tumeletewa aina mbili. Hii na hii. Ipi nzuri?"

Wazee wa kanisa wakageuka kusikiliza. Baba yake Rhobi akajinyoosha, tayari kwa fahari. Rhobi alizitazama zile karatasi. Moja ilikuwa na namba kubwa sana ya wati, imezungushiwa nyota nyekundu.

"Sijui, Mwalimu," alisema. "Spika sijawahi kuzisoma. Niachie mpaka Jumatano, nizisome, na nisichokielewa nitamwuliza fundi."

Mzee mmoja akacheka. "Injinia gani asiyejua?"

Baba akakunja uso, lakini Shangazi Ghati aliweka sahani yake chini kabla hajajibu.

"Mzee wangu, lipokee jibu hilo kwa mikono miwili," alisema. "Wiki iliyopita alinipa jibu la haraka, tena tamu. Likanifanya nimtukane mtu asiye na kosa, na nusura mkose video hii mliyoshangilia. Kuuliza si ujinga, mnajua wote. Anayekiri hajui leo, kesho atajua. Anayejifanya anajua atabaki hajui, na watakaolipa ni wale waliomwamini. Na sisi wakubwa tusiwavike watoto majina makubwa mpaka waogope kusema kweli."

Baba yake Rhobi akatazama sahani yake. Yule mzee akaacha kucheka. Mwalimu Apolinary alizikunja zile karatasi mbili, akamkabidhi Rhobi.

"Jumatano basi," alisema. "Tutasubiri."